Dereva wa Chumvi

Mwaka 1979, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba yangu askari alitoka nyumbani asubuhi akiwa amezipiga buti zake rangi, na hakurudi. Mama alinitoa shule nikiwa darasa la tatu. Nikaanza kuwachotea maji mafundi wa magari wa Kawempe, jerikeni kwa jerikeni. Kutoka kwenye maji nikaingia kwenye viraka vya mipira ya baiskeli, kutoka baiskeli nikaingia kwenye magari madogo, na kutoka magari madogo nikaingia kwenye mipira ya malori, ile ambayo mwanaume mzima anaiviringisha huku anatukana. Sisemi haya ili nihurumiwe. Nasema ili msomaji ajue kwamba kalamu hii imeshikwa na mtu wa darasa la tatu, na akiona kosa alinyooshe kimya kimya, asinipigie simu.

Lakini leo siandiki juu yangu. Naandika juu ya Dereva.

Alizaliwa wapi, babu yake nani, sikuuliza. Mtu akija dukani kwangu, kwa Mama Mipira, namuuliza anataka upepo kiasi gani, basi. Ninachojua ni kwamba siku ya kwanza alikuja na lori la chumvi, mpira wa nyuma umepasuka. Mafundi watano walikuwa kibandani kwa jirani wanacheza karata, wote wanaume. Akawapita. Akanikuta mimi nimekaa juu ya mpira nakula muhogo.

"Wewe unaweza hii?"

"Naweza."

"Nani alikufundisha?"

"Njaa."

Akakaa chini akanitazama saa nzima na nusu. Nilipomaliza alilizunguka lori, akaipiga teke mipira yote kumi, kisha akarudi kwa ule wangu akaupiga teke mara mbili. "Huu umefungwa," akasema. Mpaka leo hakuna aliyewahi kunisifu kuliko hapo. Tangu siku hiyo hakuruhusu mkono mwingine kugusa mipira yake, na madereva wenzake wakamfuata, na wale wacheza karata wakabaki na karata zao.

Hilo teke mlielewe. Dereva alikuwa anapiga teke kila kitu kabla ya kukiamini. Friji jipya, gunia la simenti, mguu wa meza kanisani. Nyumba yangu ilipoisha nilimwalika kwa chai; akaizunguka kwanza upande wa kushoto hadi wa kulia, tukasikia puh, puh, puh nje, ndipo akaingia. Siku binti yake Apio alipomleta mchumba nyumbani, mzee alimzunguka yule kijana mara moja, akamwinamia viatu, halafu akawaambia watu wote sebuleni, "Soli zimeisha upande mmoja. Huyu anatembea anakwepa nini?" Kijana alijitetea vizuri. Ndoa ikafungwa. Lakini nasikia mpaka leo akienda kwa mkwe wake anavaa viatu vipya.

Ukimuuliza jambo lolote, alijibu kwa maneno mawili: "Inategemea mzigo." Mvua itanyesha? Inategemea mzigo. Nimpeleke mtoto shule ya bweni? Inategemea mzigo. Padri aliwahi kumuuliza mbele ya watu kama anaamini maskini ataingia peponi kabla ya tajiri. Mnajua alijibu nini. Padri alicheka, halafu Jumapili iliyofuata akalitia jibu hilo kwenye mahubiri kama lake mwenyewe.

Alipostaafu, Apio, ambaye anafundisha chuo kikuu pale Kyambogo, alimpeleka baba yake na mama yake Kabalagala wakale vizuri, penye muziki na taa za rangi. Na mimi nilialikwa. Supu ilipokuja Dereva akasema anakwenda kunawa mikono. Supu ikapoa. Nyama ikaja. Apio akaanza kulia kwamba baba amepotea. Tulimkuta kwenye maegesho, koti amelivua, anawarudisha watu kinyumenyume: "Kuja, kuja, kuja... kata kulia, kata yote... simama! Afande, wewe nani alikupa hii leseni?" Vijana wenye magari makubwa walikuwa wanamtii kama jenerali. Ikabidi mhudumu amletee sahani yake hukohuko, akala amesimama, na akasema hajawahi kula mahali pazuri hivyo.

Sasa nije kwa mke wake, kwa sababu habari yenyewe ni ya hao wawili. Mama Apio ni mwanamke wa Lira, mfupi, sauti yake haihitaji spika. Miaka yote Dereva alipokuwa anafuata chumvi pwani ya Kenya, kule mbele ya Malindi, kila safari Mama Apio alimtengenezea odii. Asiyeijua: ni ufuta na karanga, unakaanga, unasaga mpaka inakuwa laini kama siagi, unakula na muhogo au unachanganya kwenye mboga. Alikuwa anaikalia siku nzima, mikono mpaka kwenye viwiko. Aliijaza kwenye mkebe wa maziwa, akaufunga mdomo kwa kitambaa alichochana kutoka kwenye gauni lake kuukuu, akaukabidhi kwa mikono miwili. Mkebe ukirudi mtupu alitembea Kawempe nzima akiutikisa. "Amemaliza! Hata chini amekwangua!" Wakati mwingine mkebe haukurudi. Dereva alisema umeibiwa Voi, au Mtito Andei. Mama Apio alifurahi hata kwa hilo. Alisema wezi nao wana ulimi.

Basi. Mwaka mmoja baada ya Dereva kustaafu, simu yake ililia yeye yuko bafuni. Mama Apio akapokea. Sauti ya mwanamke, Kiswahili cha pwani kilichonyooka, ikasema, "Mwambie Dereva Mama Kadzo wa Gongoni anamsalimu, na sote huku twamuuliza, atakuja lini?"

Sote huku.

Mama Apio alikuja kwangu na kandambili mguu mmoja tu. Jirani yangu wa vitenge, mama wa Kikongo kutoka Bunia, akasikia, akapiga makofi. "Dereva wa lori? Banange, nyabo! Jamani, mama! Kila mizani ya malori ana bibi. Hata kwetu tunajua."

"Nyamaza wewe," nikamwambia. "Uza nguo."

Lakini maneno yalishaingia. Jioni hiyohiyo Mama Apio alimkalisha mumewe mbele yangu kama shahidi, akamwambia: "Baba Apio, utanipeleka njia yako yote. Kila mahali ulipolala nataka nipaone. Nikikuta mwanamke, sirudi Kawempe. Napanda basi nakwenda kwa kaka yangu Lira, na huko nitazikwa."

Tukamtazama Dereva. Mwanaume asiye na kosa angepiga kelele. Yeye alijitazama vidole vya miguu, halafu akasema, "Sawa. Twende." Mimi nikajua: hapa kuna kitu.

Gari lilikuwa langu, kigari changu cheupe. Mama Apio alikaa nyuma, amekikodolea macho kichogo cha mumewe. Mkebe wa odii ulikuwa miguuni pake. Hasira na odii kwake vilikuwa vitu viwili mbalimbali. Dereva aliendesha. Kosa langu la kwanza. Alikiendesha kigari cha watu watano kama trela. Kona ya kulia, anakwenda kwanza kushoto mpaka ukingoni. Mlima uko mbali kilomita nzima, yeye ameshapunguza gia. Na kila gari lililokufa njiani tulisimama. Madereva wa malori wana desturi: gari likiharibika wanakata matawi ya majani mabichi, wanayalaza barabarani nyuma ya gari ili anayekuja ajue. Dereva akiyaona matawi hapiti. Anashuka, anauliza shida, anatoa maji, anatoa spana yangu. Mpaka Nairobi spana zangu mbili zilikuwa zimebaki kwa watu tusiowajua.

Huko mbele ya Nairobi alifanya lile ambalo nitalicheka mpaka kaburini. Malori yalikuwa yamepanga foleni kuingia kwenye mizani. Dereva akawasha indiketa, akaingia foleni. Kimya, uso umetulia, kama farasi anayejua nyumbani. Mbele yetu trela la vyuma, nyuma yetu trela la mafuta ya kula, katikati sisi. Mimi nilidhani anatafuta choo. Tukapanda juu ya mizani. Askari akatoka, akatutazama, akainama dirishani.

"Mzee, umebeba nini?"

"Wamama wawili," Dereva akajibu, ndipo akashtuka.

Askari akaangalia kioo chake. "Eksili ya nyuma imelemea."

"Ndiye huyo anayeuliza maswali," Dereva akasema.

"Usithubutu kunisomea kilo!" Mama Apio akapiga kelele kutoka nyuma. Askari alicheka mpaka kofia ikaanguka, akatupungia mkono tupite.

Kuanzia Mombasa Dereva alibadilika. Huko nyuma alisimama kwenye magari mabovu tu, sasa akawa hana haraka hata kidogo. Kila kibao cha ukumbusho, tushuke. Kila ukuta wa kale, tuuone. Akawa anatuhubiria kama aliyeajiriwa na makumbusho, ila historia yake yote iliishia pale lori linapoweza kufika. Mbele ya ile ngome ya Wareno alisimama, akanyoosha mkono: "Hii ni ya zamani sana. Waliijenga watu wa ng'ambo. Lango lake ni jembamba, trela haliingii." Imeisha. Kumbe miaka ishirini na minane hakuwahi kuingia hata mahali pamoja; alivijua vitu vyote kwa vibao vya barabarani. Tuliingia naye ndani na yeye akashangaa kuliko sisi. Aligusa mizinga, akauliza iliburutwa na nini mpaka juu, na mtembeza wageni alipokosa jibu akamwambia akaulize, aache kazi ya kudanganya watu.

Barabara ile ya kwenda Malindi ni nzuri, siwezi kukataa. Mashamba ya mkonge yamepangwa mstari hadi macho yachoke, halafu minazi, halafu ghafla Kilifi, daraja liko juu na maji ya bluu yako chini kabisa. Dereva akasema, "Hapa upepo unapiga ubavuni. Ukiwa mtupu, punguza." Mama Apio alikuwa hajawahi kuiona bahari, ila kile kipande alichokichungulia ngomeni. Tukamshusha ng'ambo ya daraja. Akaitazama muda mrefu, mikono kiunoni.

"Ni kama ziwa letu pale Ggaba," akasema mwishowe, "ila hapa wamefyeka magugu." Halafu akamgeukia mumewe. "Hili ndilo lililokuwa linakuchelewesha?"

Magofu ya Gede tuliyaingia saa nne asubuhi. Ni mji mzima wa mawe ndani ya msitu, nyumba, misikiti, visima, mizizi imekumbatia kuta. Kijana mtembeza wageni alisema watu waliishi pale wakiwa na vyombo vya Uchina, halafu wakahama wote, na hakuna anayejua kwa uhakika kwa nini.

"Wanaume wao walikuwa madereva," akasema Mama Apio.

Akaenda na yule kijana kutazama kisima. Mimi goti liliniuma nikarudi, na nyuma ya ukuta wa jumba la mfalme nikamkuta Dereva amechuchumaa. Mkebe wa odii uko wazi katikati ya mapaja. Anapaka kipande cha mkate, anampa nyani. Anapaka kingine, anampa mwingine. Walikuwa kama kumi na watano, wamekaa kwa adabu kama watoto wa komunyo ya kwanza.

"Dereva!"

Nusura aanguke. "Mama Mipira. Sema polepole."

"Unafanya nini na chakula cha mke wako?"

Akaufunika mkebe kwa koti, kana kwamba mimi sina macho. Jasho lilikuwa linamtoka. "Siwezi kuila," akasema. "Inanichoma kifua. Nikila naendesha huku nimejikunja kama mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa. Tangu safari ya kwanza."

"Miaka ishirini na minane?"

"Mwaka wa kwanza aliniuliza ni tamu? Nikasema ni tamu. Ungesema nini? Alikuwa ameikalia siku nzima. Baada ya hapo, nitaanzia wapi?"

"Na wale wanawake wa pwani?"

"Nilikuwa nawapa. Wana vibanda vya chakula. Wanaipenda kweli." Akanishika mkono, hajawahi kunishika mkono kabla. "Ningekuwa na mwanamke mwingine angenisamehe, ningepiga magoti. Lakini hili hawezi. Mama Mipira, nisaidie. Tugeuze gari. Sema goti."

Nilimwambia ukweli kwamba mimi nafunga mipira, sifungi watu midomo. Lakini sikumchongea kwa mkewe. Nilikaa nalo tumboni mpaka Malindi, na huko, palipo na ile nguzo ya Mreno juu ya mwamba, Dereva alikuwa amevurugikiwa kiasi kwamba aliizunguka akaipiga teke. Mlinzi akapuliza filimbi. "Imara," Dereva akamwambia, akarudi garini akaketi kama mtu anayesubiri hukumu.

Gongoni ni mahali pa jua. Pande zote mabwawa ya chumvi na vilima vyeupe, mpaka unadhani umefika nchi ya barafu, halafu unatoa mkono dirishani unaungua. Kibanda cha Mama Kadzo kiko kando ya barabara, wanakula hapo wachota chumvi na madereva. Mwenyewe ni mwanamke mnene wa miaka yangu, leso mbili, upawa mkononi. Alipomwona Dereva akautupa upawa.

"Dereva! Wewe si tulishasema huji tena?"

Mama Apio alishuka. Alikuwa amevaa gomesi yake ya kijani, ile ya mahafali, tangu asubuhi, kwa ajili ya vita hii. "Mimi ni mke wake," akasema hata salamu bado. "Wewe ni nani yake?"

Mama Kadzo akaweka mikono kichwani. "Mama Apio?"

"Unanijuaje?"

"Mama Apio wa odii! Jamani, tokeni! Kaja! Mwenyewe kaja!"

Wakatoka wanawake wanne jikoni na unga mikononi, wakamkumbatia, wakamzungusha, mmoja akapiga vigelegele. Mama Apio alisimama kama gogo katikati yao. Wakamvuta ndani wamwonyeshe. Kwenye rafu kulikuwa na mikebe kumi na mmoja ya maziwa, mmoja una chumvi, mmoja majani ya chai, mmoja pilipili, na kila mmoja shingoni una kitambaa chake. Aliusogelea mmoja akakishika kitambaa.

"Hili ni gauni langu la Pasaka."

Akaugusa wa pili, akamtazama mumewe.

"Huu ulisema umeibiwa Voi."

"Ndiyo," akasema Dereva kutoka mlangoni.

"Na huu Mtito Andei."

"Ndiyo."

Na Mama Kadzo, maskini, akidhani anamsifu mtu, akasema: "Mumeo ana moyo! Yeye mwenyewe hali, yamchoma kifua, lakini hajakosa kutuletea hata mara moja."

Nimesikia mipira ya lori ikipasuka karibu na sikio langu. Maneno yale yalipasuka kuliko hiyo yote.

"Afadhali ungekuwa na mwanamke," akasema Mama Apio. Sauti ilikuwa ndogo, ndiyo maana niliogopa. "Mwanamke ningempiga. Sasa nimpige nani?"

Akatoka, akafungua gari, akachukua begi lake, akavuka barabara, akasimama upande wa pili kungoja gari la kurudi Malindi. Kutoka Malindi, Mombasa. Kutoka Mombasa, Lira. Alikuwa ameshasema, na yeye hasemi mara mbili.

Hapa lazima niwaambie kitu kuhusu Dereva. Mtu huyu aliyeshusha tani thelathini kwenye milima yote ya Kenya alikuwa hajui kuvuka barabara kwa miguu. Kweli kabisa. Kawempe alikuwa anasimama ukingoni dakika ishirini, mpaka mimi au mkewe tumshike mkono. Boda zilimtisha kuliko polisi. Alikuwa anasema mtu asiye na mzigo hawezi kuaminiwa.

Gongoni hakuna aliyemshika mkono. Malori ya chumvi yanapita pale mfululizo, vumbi jeupe. Nilimwona ametia mguu, akautoa, akatia tena. Halafu akaingia, amefumba macho, mkono mmoja juu kama anayerudisha gari kinyumenyume. Lori likafunga breki, likapiga honi ya kuamsha maiti. Akafika ng'ambo. Tulisikia kila neno, maana walikuwa wanashindana na injini.

"Nyumbani nilikula!"

"Nini?"

"Nyumbani! Kila Jumapili nilikula! Nyumbani siendeshi!"

"Na ilikuchoma?"

"Ilinichoma!"

"Miaka ishirini na minane?"

"Ishirini na tisa! Na mwaka wa uchumba!"

Gari la Malindi likasimama. Utingo akalichukua begi la Mama Apio akaliweka juu. Mama Apio akatia mguu mmoja ndani. Abiria wote walikuwa wametoa vichwa madirishani. Akamtazama mumewe, mzee mzima ana vumbi la chumvi mpaka kwenye kope, anapumua kama aliyetoka vitani.

"Hawa," akamuuliza, "wanaipika na nini?"

"Na kunde."

"Kunde na nini?"

"Na nazi."

"Nazi?" Akautoa mguu. "Nani aliwaambia waweke nazi? Wewe, shusha hilo begi!"

Akavuka, yeye mbele, Dereva amemshika gomesi kwa nyuma. Akaingia jikoni moja kwa moja, akachovya kidole kwenye sufuria, akalamba, akafumba jicho moja. "Mmeiua," akasema. Mama Kadzo akajibu kwamba wateja wake hawajawahi kulalamika. "Wateja wako wanachota chumvi mchana kutwa, watajua nini?" Mama Kadzo akashika kiuno. Mimi nikadhani ngumi zitapigwa. Dakika tano baadaye wote wawili wamekaa kwenye kinu kimoja, wanabishana, na Mama Apio ameazima leso.

Tulikaa Gongoni siku tatu. Mama Apio hakumsemesha Dereva hata neno. Akitaka chumvi aliniambia mimi nimwambie yeye. Lakini chakula chake alikipika kando, bila ufuta, bila karanga, na akakiweka mbele yake kwa mikono miwili. Siku ya mwisho alionja ile yenye nazi tena, akafikiri, akasema si mbaya sana, ila Kawempe wasisikie.

Kurudi, hakukubali tupite njia ya mkato hata moja. "Nataka kuiona midomo yote iliyokula." Kwa hiyo tuliona utalii wa namna yake. Dereva alisimamisha gari mahali tisa, vibanda vya chai, gereji, mlinzi mmoja wa maegesho asiye na meno, na kila mahali alishuka, akavua kofia, akakiri: "Huyu ndiye mwenyewe. Mimi nilikuwa mbebaji tu." Na kila mahali walimshika Mama Apio mikono wakamshukuru. Mahali pa nne alianza kuwasahihisha. Mahali pa saba alianza kumjibu mumewe. Kufika Busia alikuwa amekaa kiti cha mbele na mimi nimetupwa nyuma na mikebe aliyorudishiwa njiani, anamwambia Dereva apunguze mwendo, na Dereva anapunguza.

Hiyo ni miaka mitatu sasa. Mwezi uliopita Dereva alikuja dukani. Amezeeka, mgongo umeinama. Aliupiga teke mpira uliokuwa karibu, kwa mazoea, akaketi.

"Mama Apio yuko wapi?" nikamuuliza.

"Gongoni."

"Tena?"

"Wamefungua kibanda cha pili na yule Mama Kadzo. Alisema wiki mbili. Leo ni ya tano." Akatazama barabara. "Jana nilipiga simu, akapokea mwanaume."

Nikauma mdomo nisicheke. "Akasemaje?"

"Akasema Mama yuko jikoni, nipige baadaye." Akaivua kofia, akaikunja, akaikunjua. "Mama Mipira, kule madereva wanaokula ni wengi. Mimi nawajua madereva."

"Unawajua."

"Si watu wazuri wote."

"Inategemea," nikasema, nikanyamaza kwa huruma.

Halafu akalisema alilojia. "Niazime kile kigari. Nataka nipite njia nione anapolala."

Nikamwangalia. Alikuwa hatanii hata chembe. Wakati ule simu yake ikalia mfukoni, akaitoa kwa mikono miwili, na kabla hajaiweka sikioni nikaisikia ile sauti isiyohitaji spika, kutoka pwani mpaka Kawempe: "Baba Apio! Umekula?"

"Sijala," akasema Dereva, na uso wake ukawa wa kijana. "Unakuja lini?"

Sikumwazima gari. Nilimwambia mke wake alimngoja miaka ishirini na minane, yeye angoje wiki sita. Nikamvusha barabara, nikarudi kazini.

Nilicho nacho leo ni hiki. Duka la mipira Kawempe, la matofali, limelipiwa lote. Mashine mbili za upepo, moja nzima, moja ya kuombea. Nyumba ya vyumba vinne, ukuta umepigwa plasta nje na ndani. Vyumba sita vya kupangisha. Kiwanja cha futi hamsini kwa mia. Watoto watatu waliosoma. Spana, pungufu mbili. Goti moja zima. Kigari cheupe, na ufunguo wake, ambao uko ndani ya sidiria yangu na hautoki.